Uzi: Nimerudi kwenye albamu "Just As I Am" ya Bill Withers baada ya miaka 21. Niliichoma kwa mikono yangu

Besi ya Pili (mleta uzi)

Wakuu, habari za usiku. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite kwa amani.

Mwaka 1991 nilikuwa Tanga, nakaa kwa mjomba wangu aliyekuwa baharia. Mjomba akirudi safari alikuwa haachi kuleta vitu vitatu: sabuni za kunukia, jezi, na kanda. Kanda moja ilikuwa TDK ya dakika 90, imeandikwa kwa kalamu ya wino "BILL W." basi, hakuna jina la albamu wala orodha ya nyimbo. Upande wa kwanza ulibeba albamu nzima, nyimbo 12, dakika kama 35. Zile dakika kumi zilizobaki mjomba hakutaka zipotee, akajazia taarabu. Albamu yenyewe inaishia kwa mlio wa risasi (nitaeleza huko mbele), kwa hiyo kwa miaka mingi kichwani mwangu mpangilio ulikuwa hivi: mtu anajipiga risasi, kimya kidogo, halafu akodiani na mama mmoja anamsema jirani yake.

Wakati huo nilikuwa naimba kwaya, besi ya pili, mstari wa nyuma karibu na dirisha. Kilichonikamata kwa Withers ni kwamba alikuwa hapigi kelele. Waimbaji wa Kimarekani tuliowazoea redioni walikuwa wanapanda juu, wanalia, wanapiga magoti. Huyu anaimba kama mtu aliyekaa barazani anakusimulia jambo, na wewe unasogeza kigoda. Kiingereza changu kilikuwa cha kuokoteza. Nilielewa nusu, nusu nikajitungia.

Mwaka 2004 nikaokoka. Tukaambiwa tulete kila chenye harufu ya dunia, likawekwa pipa nyuma ya kanisa. Jina la kanisa halina kazi hapa na simlaumu mtu, maana boksi nililibeba mwenyewe begani. Kanda arobaini na kitu. Ambaye hajawahi kuchoma kanda nimwambie: haziungui kama karatasi. Zinajikunja, zinatoa moshi mweusi mzito, na utepe unakimbia na upepo kabla moto haujaufikia. Nyingine zilinasa kwenye mwarobaini zikabaki zinameremeta wiki nzima.

Sikusikiliza tena. Miaka 21.

Wiki iliyopita binti yangu mkubwa amekuja kunitembelea. Alikuwa jikoni anakuna nazi, simu yake inacheza wimbo wa vijana wa zamani wa Marekani. Mwanzoni kabisa mwa ule wimbo kuna mtu anaguna, mdomo umefumbwa, mm-mm. Nilikuwa sebuleni nasoma gazeti. Nikasimama. Nikamwambia, "Huyo mtu namjua." Akacheka: "Baba, hii ni 'No Diggity' ya Blackstreet, ya 1996, mwaka niliozaliwa mimi. Utaijulia wapi?" Nikamwambia wimbo siujui, huo mguno ndio naujua. Tukatafuta kwenye simu. Mguno ni wa Bill Withers, wameukata kutoka "Grandma's Hands", wimbo wa tatu wa kanda yangu. Hapo ndipo nilipoona pia kwamba mwenyewe alishafariki, Machi 30, 2020, akiwa na miaka 81. Nilikuwa sina habari.

Usiku ule nikaomba spika za masikioni za binti, nikaisikiliza yote.

Jambo lililonileta hapa ni hili. Kanda niliyoichoma kama ya dunia ina kanisa ndani yake kuliko nyimbo nyingi tulizoimba baada ya kuichoma. Na simaanishi maneno. Kwenye "Harlem", wimbo wa kwanza, linaanza gitaa la mbao na kishindo kama cha mguu sakafuni. Kila ubeti ukija sauti inapandishwa kidogo, kama mwalimu wa kwaya anavyotupandisha ili ubeti wa mwisho utoke na moto. Anahesabu maisha ya mtaa wa watu weusi wa New York: usiku wa joto, usiku wa baridi mwenye nyumba hajali kama mpangaji ataganda, Jumamosi ya starehe, halafu Jumapili asubuhi. Waliokesha wanarudi nyumbani, wacha Mungu ndio kwanza wanaamka, wanapishana njiani. Na hapo, wakuu, anatokea mtu wa kuchangisha: kuna ujumbe wa wajanja unataka mchango wa kumpeleka mchungaji Nchi Takatifu. Withers anasema usitoe hela yako.

Wimbo wa 1971! Nilicheka peke yangu gizani. Mwaka 2006 nilichangia safari kama hiyo. Sikuletewa hata picha.

"Ain't No Sunshine" mnaijua wote, nitairuka. "Grandma's Hands" ina dakika mbili tu na imeniachia kazi ya wiki nzima. Bibi anapiga makofi kanisani, anapiga tari, anamwonya mjukuu asikimbie hovyo, anambembeleza binti wa mtaani aliyepata mimba bila ndoa. Mikono hiyo hiyo inauma na kuvimba. Hakuna neno la mahubiri hata moja, kuna mikono tu. "Sweet Wanomi" ni nyepesi, inapita. "Everybody's Talkin'" si yake, ni ya Fred Neil, lakini kaivalia nguo zake. "Do It Good" nitairudia. "Hope She'll Be Happier" nusu yake ni pumzi. "Let It Be" ya Beatles kaichukua akaipeleka kanisani kwa mwendo wa haraka, kinanda na makofi, ikawa kama pambio. "In My Heart" polepole. "Moanin' and Groanin'" ni ya kimwili zaidi, sitajifanya malaika. "Better Off Dead" ni ya mlevi aliyekimbiwa na mke na watoto, na ndiyo yenye risasi.

Swali langu kwa wadau: tulikuwa tunachoma nini hasa?

Kigoda cha Mbele

Nimeweka kigoda. Endeleeni.

Fundi Kanda

Mleta uzi umenigusa. Nilikuwa na kibanda cha kurekodi kanda Kariakoo mpaka CD zilipotufukuza mjini. Ngoja niongeze nyama.

Watu hawajui huyu bwana alianza muziki akiwa mtu mzima. Kazaliwa Julai 4, 1938, Slab Fork, West Virginia, kijiji cha wachimba makaa ya mawe, mtoto wa mwisho kati ya sita. Alikuwa na kigugumizi. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka 13. Akaingia jeshi la majini la Marekani, miaka tisa, akajifunza ufundi wa ndege. Akahamia Los Angeles mwaka 1967, akapata kazi Weber Aircraft, kiwanda cha vifaa vya ndani ya ndege. Kazi yake ilikuwa kutengeneza vyoo vya ndege aina ya Boeing 747. Sitanii. Albamu hii, ya kwanza kabisa kwake, imetoka akiwa na umri wa miaka 32 na bado yuko kiwandani.

Angalia jalada lake. Amesimama kwenye ukuta wa kiwanda, mkononi kashika kisanduku cha chakula cha mchana. Hakuna suti ya kung'aa wala gari la kukodi. Ilipigwa wakati wa mapumziko ya kula, halafu akarudi ndani kazini. "Ain't No Sunshine" ilipouza na kupewa tuzo ya dhahabu, kampuni ya rekodi ilimzawadia kiti cha choo cha dhahabu. Na mwanzo ule wimbo haukuwa hata chaguo la kwanza! Santuri ndogo ilitoka na "Harlem" mbele, "Ain't No Sunshine" nyuma. Watangazaji wa redio ndio walioigeuza.

Kilio cha Jangwani

Mleta uzi, samahani, lakini naona unatafuta sababu. Umesema mwenyewe wimbo mmoja ni wa kimwili na mwingine mtu anajiua. Injili iko wapi hapo? Kupiga makofi si wokovu, hata uwanja wa mpira watu wanapiga makofi. Mguno si sala. Mimi nilichoma zangu mwaka 1999 na sijutii. Wa dunia ni wa dunia.

Besi ya Pili (mleta uzi)

Kilio, nakuheshimu, nami nilisema hivyo hivyo miaka mingi, tena madhabahuni.

Nisikilize kuhusu huo wa risasi. Kwetu tumezoea ushuhuda wenye mwisho mzuri: nilikuwa mlevi, nikaokolewa, leo nina gari. Withers katoa ushuhuda wa yule ambaye hakusimama mbele kusema, kwa sababu hakufika. Mke kachukua watoto kaondoka, na mlevi mwenyewe anakiri kwamba walifanya vizuri kuondoka. Hamlaumu mkwe wala hamtaji shetani. Kwenye kwaya yetu tulikuwa na mtu wa namna hiyo, sauti ya kwanza, na siku tuliyomzika hakuna aliyejua aimbe nini. Tukaimba pambio la furaha. Mpaka leo nikikumbuka naona aibu.

Alto Mstaafu

Kaka Besi na kaka Kilio, nipisheni kidogo.

Kwanza, Kilio, umesema mguno si sala. Fungua Warumi 8:26. "Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa." Haya, tuendelee.

Pili, wanaume mnabishana ukurasa mzima na hakuna aliyesoma jina la albamu. "Just As I Am". Mliolelewa na Tenzi za Rohoni, hamkuona? Ule ni wimbo wetu wa kuita watu mbele: "Nitwae hivi nilivyo". Maneno ya Kiingereza ni hayo hayo, ya Charlotte Elliott, mama wa Kiingereza aliyekuwa mgonjwa muda mrefu, aliyaandika miaka ya 1830. Mtoto aliyekwenda kanisani na bibi yake kule West Virginia hawezi kukosa kuyajua. Kama aliyaweka kwa makusudi au la, mtajua wenyewe. Mimi nikiona mtu kasimama kiwandani na chakula chake mkononi, juu yake pameandikwa "hivi nilivyo", sihitaji kuhubiriwa zaidi.

Na kuhusu mikono ya bibi. Bibi yangu alikuwa haimbi vizuri, sauti yake ilikuwa kama bawaba kavu. Lakini makofi yake ndiyo yaliyokuwa yanashika kwaya nzima. Mwalimu akikosea mapigo sote tulikuwa tunatazama mikono ya bibi. Alipoacha kuja kwa ajili ya miguu, kwaya ilianza kukimbia, ikakimbia mpaka tukanunua kinanda cha umeme chenye ngoma zake, na tangu hapo hakuna anayepiga makofi kwa kazi. Tunapiga kwa mapambo. Withers anajua tofauti hiyo. Sikilizeni tena muone.

Besi ya Pili (mleta uzi)

Dada Alto, nimekaa chini. Nitwae hivi nilivyo! Na ndio wimbo uliokuwa unaimbwa siku ile nabeba boksi.

Dogo wa Mbagala

Shikamooni wazee. Mimi wa 2001, nimeisikiliza leo kwenye mwendokasi kwa sababu ya uzi huu. Msinipige mawe: ni nzuri ila mbona nyepesi sana? Kama majaribio ya studio, hayajamaliziwa. Gitaa, mtu, basi. Na kwenye "Ain't No Sunshine" anarudia "I know" mpaka nikadhani simu imekwama.

Fundi Kanda

Marahaba dogo. Hujakosea, na ndio utamu wake.

Hizo "I know" ni 26, zihesabu. Mwenyewe alikusudia kuandika ubeti mwingine pale, alikuwa anajazia tu nafasi. Wanamuziki studioni wakamwambia acha hivyo hivyo. Yeye ni mtu wa kiwandani, wale ni mabingwa, akatii. Prodyuza alikuwa Booker T. Jones, mpiga kinanda wa Booker T. & the M.G.'s, bendi ya nyumbani ya kampuni ya rekodi ya Stax kule Memphis. Kaja na wenzake, Donald "Duck" Dunn kwenye besi na Al Jackson Jr. kwenye dramu, na gitaa kapiga Stephen Stills. Ukiwa na watu kama hao kishawishi ni kujaza. Wao wakatoa. Sikiliza Jackson anavyopiga pale kwenye "I know": karibu haigusi ile dramu, anamwacha mtu ahangaike peke yake.

Na kwenye "Do It Good" Withers anasimulia mwenyewe, kwa kuongea, katikati ya wimbo: alipoingia studio kufanya jambo asilowahi kufanya, Booker T. alimwambia asiwe na wasiwasi, afanye anachokifanya na akifanye vizuri. Basi. Kwangu hayo ndiyo mafunzo yote ya uprodyuza. Kibandani kwangu walikuwa wanakuja vijana na kwaya zao, wimbo umeshatimia, wanataka niongeze mwangwi, niongeze vinanda, niongeze ndege wanalia. Ndege!

Dogo wa Mbagala

Ndege wanalia 😂 Nimeelewa mkuu. Naanza upya.

Mpwani wa Likoni

Salaam kutoka Mombasa. Mie niseme wazi, hii albamu nzuri lakini mwaifanya kubwa kuliko ilivyo. "Still Bill" ya mwaka 1972 yaipiga kwa mbali. Pale kapata bendi, jamaa wa Watts 103rd Street Rhythm Band, James Gadson kwenye dramu, na "Lean on Me" ikakwea namba moja Marekani. Na mkitaka kanisa, "Lean on Me" ndiyo kanisa lenyewe: vidole vyatembea kwenye kinanda kimoja kimoja kwenda juu na kushuka, mtoto wa chuo aweza kuupiga siku ya kwanza, na kila mtu aweza kuuimba. Hiyo ndiyo kazi ya wimbo wa ibada, uimbike na asiyejua kuimba. Wa "Just As I Am" waimbike na yeye peke yake. Na hiyo "Let It Be" hapana, hapana kabisa. Wimbo wa watu waachiwe wenyewe.

Alto Mstaafu

Kaka wa Likoni, hapo kwenye uimbikaji nakupa alama zote. "Let It Be" sikupi hata moja. Ule wimbo ulikuwa unatafuta makofi tangu utungwe.

Rafiki wa Ziwa

Bonjour wote, niko Bukavu, Kiswahili chetu mtakivumilia.

Mmesahau kuwa Withers alifika huku kwetu. Septemba 1974, Kinshasa, tamasha la siku tatu kabla ya pigano la ngumi la Ali na Foreman. Pigano likaahirishwa kwa sababu Foreman alipasuka juu ya jicho mazoezini, likapigwa Oktoba 30, lakini muziki haukungoja. James Brown, B.B. King, Miriam Makeba, Celia Cruz, na wa kwetu Franco na Tabu Ley. Uwanja wa 20 Mei, wakati wa Mobutu. Kuna filamu ya mambo hayo, "Soul Power", ilitoka 2008, itafuteni.

Katika filamu kila mtu anatoka jasho. Brown anaruka, Celia Cruz na wenzake wanapiga mpaka jukwaa linatingishika. Halafu unamwona Withers amekaa na gitaa, peke yake, anaimba "Hope She'll Be Happier". Wimbo wa albamu yenu hii hii. Polepole vile, mbele ya uwanja mzima! Baba yangu alikuwa mwanafunzi Kinshasa wakati ule. Yeye daima anasimulia James Brown na mkanda wake wa kiunoni. Siku nilipomwonyesha filamu, ilipofika kwa Withers alinyamaza, kisha akasema, "Huyu nilikuwa nimemsahau. Huyu ndiye aliyefanya watu wakae chini."

Kigoda cha Mbele

Uzi umenoga. Chai ya pili.

Kilio cha Jangwani

Nimerudi. Nimeisikiliza. Ndiyo, nimeisikiliza, msinicheke, mke wangu alikuwa amelala.

"Moanin' and Groanin'" siihitaji maishani mwangu, hilo palepale. Risasi siitaki. Lakini wimbo wa kwanza, wa mchango wa mchungaji, nimeurudia mara tatu, na nitaweka ushuhuda wangu hapa hapa: mimi nilikuwa mweka hazina wa kamati ya safari ya namna hiyo. Tulikusanya kwa mabahasha. Safari haikufanyika na hela sikuwahi kuulizwa zilikwenda wapi, na mimi pia sikuuliza. Tuliochoma kanda ni sisi sisi tuliofunga mabahasha.

Bado nasema wa dunia ni wa dunia. Ila huyu alikuwa anatujua.

Besi ya Pili (mleta uzi)

Kilio, karibu kwangu siku yoyote tunywe chai. Sitakuuliza habari ya bahasha.

Dogo wa Mbagala

Mzee Besi, swali dogo. Mimi nimesikiliza kwa mpangilio na uzi wako mkononi. Ulisema nyimbo 12. Umezipitia zote hadi ile nyepesi na ile ya kimwili. Namba 9 hujaitaja. "I'm Her Daddy". Umesahau au?

Fundi Kanda

Eh. Dogo ana macho.

Mpwani wa Likoni

Hiyo ndiyo nzito kuliko zote upande wa pili. Mwanamume amepata habari kuwa ana binti wa miaka sita, anamuuliza mama mtu, Lucy, maswali. Mbona hukuniambia. Yukoje. Ananiulizia? Nami nashangaa mleta uzi kaipita.

Dogo wa Mbagala

Mzee upo?

Kigoda cha Mbele

Mleta uzi kaingia mitini 😂

Alto Mstaafu

Muacheni apumue, Kigoda.

Besi ya Pili (mleta uzi)

Nipo. Nilikuwa nje.

Dogo, sikusahau. Nilidhani hamtaona.

Mwaka 1991 ule wimbo ulikuwa hadithi ya watu wengine tu. Nilikuwa naupenda kwa sababu ya besi yake. Nikaondoka Tanga mwaka 1995 kutafuta kazi, kuna mtu nikamwacha huko, barua zikakatika, mimi ndiye niliyezikata. Mwaka 2003 nikaletewa habari na shangazi yake: una mtoto, ana miaka saba, anasoma darasa la kwanza, ana meno kama ya kwako. Wa Lucy alikuwa na sita, wangu saba. Hiyo ndiyo tofauti yote iliyokuwepo kati yangu na kanda.

Nilijaribu kuisikiliza baada ya hapo. Ikifika pale naruka mbele, redio kaseti inalia kama panya, nikiachia inakuwa bado ni pale pale katikati ya maswali yake. Na zile kanda hazirukiki vizuri, mnajua wenyewe. Mwaka mmoja baadaye likaletwa pipa. Watu wengine siku ile walichoma dhambi zao. Mimi nilichoma wimbo namba 9, zile kanda nyingine arobaini zilisindikiza tu. Kwa hiyo Kilio ulikuwa sahihi kwenye jambo moja, kwamba natafuta sababu.

Nilikwenda kumwona mara ya kwanza mwaka 2009. Ana miaka kumi na tatu. Hakunisemesha siku mbili.

Kilio cha Jangwani

Ndiye aliyekuwa anakuna nazi?

Besi ya Pili (mleta uzi)

Ndiye. Anarudi Tanga Jumapili.

Mchana nilikuwa naisikiliza kwenye spika ya mezani, yeye anachambua mchele. Ilipoisha "Let It Be" nikanyoosha mkono kuruka, kwa mazoea. Akaniambia, "Baba, huu mbona unauruka kila siku?" Kumbe ameshaona. Jina la wimbo lilikuwa limeandikwa pale kwenye kioo, kubwa, na Kiingereza chake si cha kuokoteza kama changu.

Nikaacha ucheze.

Ungo ukawa umesimama mapajani mwake. Yule bwana kauliza maswali yake yote na Lucy hajibu. Sikuwahi kuligundua hilo zamani. Wimbo mzima ni swali juu ya swali, mpaka unaisha.

Akaniuliza, "Alikwenda kumwona?"

Nikamwambia wimbo hausemi.

Akasema "mh", akarudi kwenye mchele. Baadaye kidogo, bila kunitazama, akaniambia niurudishe mwanzo, hakusikia vizuri kwa sababu ya jirani na mashine yake ya kusaga.

Alto Mstaafu

Jirani hakuwa amewasha mashine, kaka.

Besi ya Pili (mleta uzi)

Ndiyo, dada. Leo Alhamisi, hana umeme tangu asubuhi.

Kigoda cha Mbele

Mzee wangu nisamehe kwa lile la mitini.

Fundi Kanda

Besi, nitumie anwani kwa ujumbe wa pembeni. Nina TDK tatu za dakika 90 bado ziko kwenye nailoni. Taarabu ya kujazia utachagua mwenyewe.